Oedipus Alikosa Nini?

Mzazi mmoja ameuliza kama yafaa kumwachia binti yake kitabu cha mchezo wa kuigiza alichokuja nacho likizo kutoka sekondari. Ndani yake mtu amemwua baba yake na kumwoa mama yake. "Haya ndiyo masomo?" auliza. Swali lake ni la haki, na jibu limo katika neno moja la Kiyunani.

Mchezo huo ni wa Mfalme Oedipus. Aliutunga Sophocles wa Athene, miaka zaidi ya 400 kabla ya Kristo. Oedipus alipozaliwa iliaguliwa kwamba atamwua baba yake, mfalme wa Thebes. Wazazi wakaamuru atupwe mlimani, miguu yake imetobolewa. Mchungaji akamhurumia, na mtoto akalelewa na mfalme wa Korintho, mji uleule ambao baadaye Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wake. Alipokuwa kijana alisikia uaguzi kwamba atamwua baba na kumwoa mama. Akatoroka Korintho, asije akawadhuru wale aliowadhani wazazi wake. Penye njia panda akagombana na mzee mmoja, akamwua. Akafika Thebes, akauokoa mji, akapewa ufalme pamoja na mjane wa mfalme. Wewe umekwisha kumjua mzee yule. Oedipus hakumjua.

Basi Aristotle, mwenye hekima wa Kiyunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alisema kwamba mtu wa mchezo wa namna hii haanguki kwa uovu, ila kwa hamartia. Katika Injili ya Kiyunani neno hilo ndilo lililofasiriwa "dhambi". Lakini mwanafunzi akiandika katika mtihani kwamba Oedipus aliadhibiwa kwa dhambi zake, amepotea njia. Tangu zamani Wayunani walilitumia neno hilo kwa mtu atupaye mkuki usimpate adui. Na hapa Kiswahili chetu kinatusaidia vizuri sana, maana twasema mwindaji amemkosa swala, tena twasema mtoto amemkosea mama yake. Neno ni lilelile, mambo ni mawili. Oedipus alikosa kama mwindaji: alikimbia jambo, kumbe alilikimbilia. (Hata hivyo, mimi naona hasira yake haiachi kuhesabiwa. Mtu aliyekwisha kuonywa kwamba atamwua baba yake, ilimpasa ajihadhari na kila mzee njiani!)

Maneno mengine ya somo hili si magumu. Mchezo wa namna hii huitwa tanzia. Kwetu tanzia ni tangazo la kifo, ndiyo maana mtoto aweza kudhani kwamba shujaa lazima afe. Oedipus hafi, mkewe ndiye ajinyongaye, naye Oedipus ajitoboa macho. Korasi ni kundi la waimbaji, hapa wazee wa mji, wanaosema hofu na maombi ya raia. Kinaya ni pale maneno yanapobeba maana asiyoijua msemaji: tauni imeingia mjini, Oedipus anamlaani mbele ya watu wote aliyemwua mfalme wa kwanza, na sisi tunaosikiliza twajua anajilaani mwenyewe.

Tena kuna mgeuko na utambuzi. Mjumbe anakuja kutoka Korintho na habari kwamba mfalme wa huko amekufa kwa uzee. Oedipus anashusha pumzi, lakini bado anamwogopa mama. Mjumbe, kwa wema wake, anamwambia: usiogope, wale hawakuwa wazazi wako. Neno la kumtuliza ndilo linalomfunua. Aristotle aliusifu mchezo huu kwa sababu mambo hayo mawili yanakuja pamoja.

Kwa mzazi aliyeuliza: mwache binti asome. Mauaji na ndoa ile vilikwisha kupita kabla mchezo haujaanza, wala hata kutoboa macho hakufanyiki mbele ya watazamaji. Mjumbe huja kusimulia. Kinachoonekana jukwaani ni mtu anayeutafuta ukweli, ingawa mkewe amemsihi aache. Tena mwaka 1971 ilichapishwa tafsiri ya Samuel Mushi, jina lake Mfalme Edipode. Mkiipata, binti asome kwa sauti jioni moja, nawe umwulize ni wapi hasa Oedipus alikosa. Huenda msikubaliane; wataalamu nao hawajakubaliana.