Wati 5,000 za kwenye boksi: macho yanakula chumvi, masikio yanajua

Kuna staa mmoja wa mjini, jina kapuni, kaposti sebule yake mpya: skrini ukuta mzima, spika ndefu kama mlango, sabufa mbili, na maneno "wati 5,000, majirani poleni". Mashabiki wakafurika, kila mtu anataka kama hizo. Wadau, kabla hujaenda kukopa, tuongee ukweli.

Namba kubwa ya kwenye boksi mara nyingi ni PMPO, yaani nguvu ya kufumba na kufumbua, na haina kanuni moja ya kuipima. Kila kiwanda kinajipigia hesabu yake. Ya kuangalia ni RMS, nguvu ambayo mashine inatoa mfululizo. Marekani waliweka kanuni ya kutangaza wati za amplifaya za nyumbani tangu 1974. Sisi bado tunanunua stika.

Hata wati zikiwa za kweli, ukiziongeza mara mbili unapata desibeli 3 tu. Sikio linasema "imepanda kidogo". Ili usikie sauti kubwa mara mbili, unahitaji nguvu kama mara 10.

Sasa wapo wanaosema, "Vipimo vya nini? Mimi nasikiliza kwa masikio yangu." Nawaelewa, ila macho nayo yanasikiliza! Mwaka 1994, Floyd Toole na Sean Olive wa Harman waliwasikilizisha watu spika zilezile, mara wanaziona, mara zimefichwa nyuma ya pazia. Maksi zikabadilika. Spika ndogo za bei nafuu, zilizofanya vizuri zikiwa zimefichwa, zilishuka zilipoonekana. Na tafiti zao nyingine zimeonyesha kuwa spika zinazopendwa gizani ni zile zenye vipimo vilivyonyooka.

Kwa hiyo kipimo cha kweli na sikio la kweli havigombani. Kinacholeta ugomvi ni boksi na sifa za mtandaoni.

Halafu icheki ile sebule ya staa: vigae chini, vioo kila upande. Sauti inadunda kama ukumbi mtupu! Zulia na pazia zito vingemsaidia kuliko sabufa ya tatu.

Ushauri wangu: dukani nenda na wimbo unaoujua, sawazisha sauti za spika zote, fumba macho, rafiki abadilishe. Ukichagua ya bei ndogo, usione aibu. Kodi ya nyumba hailipwi kwa wati.

Wewe uliwahi kununua kwa macho? Tiririka hapo chini.