Vijana Waimbe, na Hadithi Isimuliwe



Ndugu msomaji, likizo iliyopita nilikuwa kisiwani Mafia. Jioni moja, baada ya mazoezi ya kwaya mjini Kilindoni, vijana walinizunguka na swali: "Frateri, tukiandaa tamasha la nyimbo za maigizo, tutakuwa tumekosea?"

Ni kikundi cha ridhaa. Yumo mwalimu, muuguzi, dereva wa bodaboda na wanafunzi kadhaa. Kwa miaka kadhaa wameigiza na kuimba kwenye sherehe za kigango na shuleni. Sasa walitaka kukusanya nyimbo za maigizo yao yote, waziimbe jioni moja uwanjani, mbele ya majirani.

Wazee wawili walikuwa na mashaka. Wa kwanza alisema sauti iliyofundishwa kwa ajili ya altare isipelekwe jukwaani. Wa pili alisema, "Majirani zetu wengi ni Waislamu. Watasema tunawavuta kwa ngoma." Sikuwa na jibu usiku ule. Leo ninalo.

Kwa mzee wa kwanza, nakumbusha kwamba Kanisa halikuanza jana kuimba nje ya Misa. Mtakatifu Filipo Neri, mjini Roma katika karne ya 16, aliwakusanya watu wa kawaida kwa sala, mafundisho na nyimbo, na mikusanyiko ile ndiyo iliyozaa aina ya muziki iitwayo oratorio. Karol Wojtyła, kabla ya kuwa Papa Yohane Paulo II, alikuwa mwigizaji. Mwaka 1941, Poland ikiwa chini ya Wanazi, yeye na wenzake walianzisha kikundi mjini Kraków. Waliigiza kwa siri majumbani, bila jukwaa wala mapazia. Mwaka uliofuata aliingia seminari, nayo ikiendeshwa kwa siri. Jukwaa halikumnyima wito.

Tena, mzee wangu, ninyi ndio mliofurahia Muungano na TOT katika enzi zao, pale kiingilio kimoja kilipokupa ngoma, kichekesho, igizo na taarabu. Mlirudi nyumbani mkiimba, na Dominika mkawa kanisani.

Hoja ya mzee wa pili ni nzito zaidi. Pale Mafia Wakristo ni wachache, na wengi wao wamekuja kikazi kutoka bara. Ujirani wao na wenyeji ni mali kubwa kuliko tamasha lolote. Usiharibiwe kwa ujanja. Kwa hiyo mwaliko useme wazi nani anaandaa na kwa nini. Pasiwe na mahubiri yaliyofichwa katikati ya nyimbo, wala kikapu cha sadaka mwishoni. Muda usigongane na swala. Wasiwaigize manabii: sisi tumezoea kumvalisha kijana kanzu na kumwita Musa, lakini Waislamu wengi huliona jambo hilo kuwa ni kuvunja heshima. Zipo hadithi zetu sote: mvuvi aliyelemewa na deni, binti aliyekatishwa masomo, mama anayesubiri boti ya Nyamisati huku mgonjwa akizidiwa. Na wapiga dufu wa mtaani waalikwe, waimbe vyao wanavyojua.

Sasa neno langu kwa vijana wenyewe. Wimbo wa igizo ukitolewa peke yake, msikilizaji hajui nani analia wala analilia nini. Atapiga makofi kwa sauti nzuri, basi. Wekeni msimulizi. Kabla ya kila wimbo aeleze kwa maneno machache: huyu ni nani, yamemkuta nini, anataka nini. Nabii Nathani hakumkaripia Daudi moja kwa moja. Alimsimulia habari ya tajiri aliyempora maskini mwanakondoo wake mmoja, na mfalme akajihukumu mwenyewe. Hapa nchini, mradi wa Tuseme ulioanzishwa mwaka 1996 na wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kusema kwa maigizo na nyimbo mambo yaliyowakwaza masomoni. Binti anayeshindwa kumwambia mwalimu wake jambo ofisini anaweza kuliimba mbele ya shule nzima, na mwalimu akiwamo.

Hofu yangu ni kwamba tukiwakataza, hawataacha kuimba. Wataimba mbali nasi, na sisi tutabaki tukiulizana kwa nini vijana hawaonekani kigangoni.

Basi, wadogo zangu wa Kilindoni, jibu langu ni hili: hamjakosea. Pangeni tarehe, mkamwone Paroko, mkawaone na viongozi wa mtaa. Viti vya mbele wapeni wale wazee wawili, na pembeni yao waketi majirani zao.