Kamanda asiyesikiza hubwagwa na askari wake

WAZAZI wengi wa mijini hulalamika kwamba vijana wao, wakiketi mbele ya kompyuta jioni, hugeuka wapiga kelele. Kijana hujifunika masikio kwa vipokea sauti na kuwaamrisha watu wasioonekana: "Rudini nyuma! Wako watatu darini! Nani ana dawa?" Mzazi hubaki kinywa wazi, asijue kama mwana amerukwa na akili au yumo mchezoni.

Michezo hii ya kufyatuliana risasi kupitia intaneti haichezwi kwa vidole pekee. Huchezwa kwa mdomo na masikio pia, na hapo pana funzo kwa wakubwa na wadogo.

Chukua mathalan Battlefield 2, uliotengenezwa na kampuni ya DICE ya Sweden na kutolewa mwaka wa 2005. Ulichezwa na hadi watu 64, yaani 32 kila upande. Askari walijigawa katika vikosi vya watu wasiozidi 6, kila kikosi na kiongozi wake. Juu ya viongozi hao alikuwako kamanda mmoja.

Kamanda alizungumza na viongozi, nao viongozi wakazungumza na askari wao. Sababu ilikuwa nzuri: watu 32 wakisema kwa pamoja, hakuna asikiaye neno. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kamanda alikuwa na ramani ya uwanja mzima. Aliweza kurusha ndege isiyo na rubani ikamwonyesha maadui walipo, kuwaangushia askari wake shehena ya mahitaji kwa mwavuli, au kuamuru mizinga ipige. Hata hivyo, ramani haikumwambia kama adui yuko juu ya paa au chini ya ngazi. Hilo alilijua askari aliyebana ukutani. Asipomwambia kiongozi wake, na kiongozi asipolifikisha juu, mizinga ilipiga jengo tupu huku kikosi kikimalizwa upande wa pili.

Isitoshe, adui aliweza kupenya na kulipua mizinga na rada. Hapo kamanda hakuwa na macho wala mkono hadi askari waje kuvitengeneza. Na wakichoshwa naye, walimpigia kura ya kumng'oa.

Jambo lililonipendeza zaidi ni hili: kiongozi wa kikosi alipopewa amri, aliweza kuikubali au kuikataa. Kukataa hakukuwa utovu wa nidhamu. Kulimjulisha kamanda mapema kwamba kikosi hicho kimebanwa, atafute kingine. Aliyeharibu mambo ni yule aliyekubali kisha asiende, au aliyenyamaza kabisa. Kamanda alidhani daraja lina walinzi, kumbe halina mtu.

Battlefield 3 wa mwaka wa 2011 uliondoa cheo cha kamanda, lakini Battlefield 4 wa mwaka wa 2013 ukakirudisha. Katika mchezo mwingine, Squad, uliotengenezwa Canada na kukamilika mwaka wa 2020, vikosi ni vya hadi watu 9, na kiongozi huongea na askari wake huku akisikiliza viongozi wenzake.

Wachezaji wazoefu husema mambo matatu kisha wakanyamaza: nani, wangapi, wapi. Kupiga ukelele wa "Adui!" hakumsaidii mtu. "Watu 3, nyuzi 45, nyuma ya ghala" humsaidia kila mwenye dira kwenye kioo chake. Aidha, aliyeuawa hutoa habari ya aliyemuua kisha hufunga mdomo. Akiendelea kunung'unika, walio hai hawasikii nyayo za adui.

Wazazi, msifumbe macho lakini. Battlefield 4 una alama ya Marekani ya miaka 17 na zaidi, na sauti anazosikia mwanao huenda ni za watu wazima asiowajua, wengine wenye ndimi chafu. Mfundishe kuwazima wanaotukana na kutotaja jina lake kamili, shule wala mtaa anakoishi. Kisha muulize yeye ni nani kikosini, na nani humsikiliza.

Halafu tutazame nyumba zetu. Ni mara ngapi baba hutoa amri kutoka sebuleni bila kuuliza kama gesi imekwisha au karo imepelekwa? Ni mara ngapi mtoto husema "ndiyo, Baba" kwa kuogopa, ilhali anajua hataweza? Nanyi wanafunzi, mkigawiwa kazi ya kikundi, anayeshindwa aseme Jumatatu, si Ijumaa jioni siku ya kukusanya.

Nyumba ambayo mtoto anaweza kusema "hapana, nimebanwa" bila kupigwa kofi hupata habari zake mapema. Nyingine huzipata maji yakiwa yamezidi unga.