MICHEZO: Uwanja Mwekundu wa Paris

Katika mwaka 1956 palikuwa na mashindano manne ya tenis yaliyohesabiwa kuwa makuu kupita yote duniani: ya Australia, Ufaransa, Uingereza na Marekani. Matatu yalichezwa juu ya majani. Ya Ufaransa peke yake yalichezwa juu ya udongo, katika uwanja wa Roland Garros mjini Paris.

Wekundu wa uwanja huo hutokana na unga wa matofali yaliyosagwa, uliotandazwa juu ya mawe ya chokaa. Mpira ukianguka hapo hupunguza mwendo na kuruka juu, hata mpinzani hupata nafasi ya kuufikia. Kwa hiyo mwenye nguvu hawezi kutegemea pigo moja; sharti apige, arudie, na kurudia tena.

Matokeo ya mwaka huo yalikuwa kama haya. Kwa wanaume, Bwana Lew Hoad wa Australia alimshinda Bwana Sven Davidson wa Sweden 6-4, 8-6, 6-3. Bwana Davidson hakukata tamaa. Mwaka uliofuata, 1957, alirudi akatwaa kikombe hicho. Kwa wanawake, Bibi Althea Gibson wa Marekani alimshinda Bibi Angela Mortimer wa Uingereza, aliyekuwa mshindi wa mwaka 1955, kwa 6-0, 12-10.

Hesabu hiyo ya mwisho yafaa kutazamwa vizuri. Katika seti ya kwanza Bibi Mortimer hakupata hata gemu moja, na yamkini wengi walidhani kazi imekwisha. Lakini seti ya pili ilichukua gemu 22. Siku hizo seti haikumalizwa mpaka mmoja amzidi mwenziwe kwa gemu mbili, wala hapakuwa na njia ya mkato.

Bibi Gibson alikuwa amezoea kungoja. Alizaliwa mwaka 1927 katika South Carolina, ambako wazazi wake walilima pamba katika shamba la mtu kwa kugawana mavuno. Akiwa mtoto alipelekwa Harlem, New York, na huko alianza kucheza barabarani kwa kibao cha mti. Mashindano makuu ya Marekani hayakuwapokea wachezaji weusi, nao walikuwa na chama chao wenyewe. Mwaka 1950 Bibi Alice Marble, mzungu aliyekuwa bingwa zamani, aliandika gazetini kuulaumu ubaguzi huo waziwazi, na mwaka huohuo mlango ukafunguliwa. Bibi Gibson aliingia, lakini miaka sita ilipita kabla hajashinda Paris. Siku ile akawa mtu mweusi wa kwanza, mume au mke, kushinda mchezo wa mmoja kwa mmoja katika mashindano hayo manne.

Katika mchezo wa wawili wawili alishirikiana na Bibi Angela Buxton, Mwingereza wa Kiyahudi, ambaye naye alijua maana ya kukataliwa kwa sababu ya asili yake. Wawili hao walikuwa wamekwisha kupambana katika nusu fainali ya mmoja kwa mmoja, naye Bibi Gibson alishinda. Lakini jambo hilo halikuvunja urafiki wao. Walipoteza seti ya kwanza mbele ya Bibi Darlene Hard na Bibi Dorothy Knode, kisha wakashinda 6-8, 8-6, 6-1.

Ushindi huo haukumpa Bibi Gibson fedha, maana mashindano makuu ya wakati ule yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa. Ulimpa jina. Mwaka 1957 alishinda Wimbledon, na kikombe akakabidhiwa na Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka huohuo akashinda na kwao Marekani, mahali ambapo zamani hakuruhusiwa kuingia.

Bibi Marble aliusukuma mlango kwa kalamu, lakini hakuweza kumchezea mwenziwe hata gemu moja. Hizo 22 Bibi Gibson alizicheza mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.