Karafuu Haikungoja

Hapa Pemba Jumapili moja niliweka kishada cha karafuu mbichi sahanini, nikichore kwa rangi za maji. Kilikuwa kijani chenye wekundu mzuri. Nikasema, “Kesho.” Jumamosi niliposhika brashi, karafuu zilikwisha sinyaa, zimekuwa kahawia. Mwanangu akauliza, “Baba, ule wekundu uko wapi?” Sikuwa na jibu.

Giorgio Morandi wa Italia, aliyefariki mwaka 1964, alichora chupa na mitungi ile ile miaka mingi, chumbani mwake alimolala.

Basi sasa kila jioni, nikifunga daftari za parokia, nachora kitu kimoja: leo limau, kesho kikombe. Nusu saa yatosha. Karatasi ikiharibika, geuza upande wa pili. Haba na haba hujaza kibaba.