Msimtume Mtoto na Kiroba

Hapa Nyarugusu kila nyumba inataka paka, ila hakuna nyumba inayotaka watoto wa paka. Paka tunamtaka kwa sababu ya panya. Posho ikishaingia ndani, usiku panya nao wanakuja kuchukua mgao wao bila kadi. Huyo jike ndiye mlinzi wa unga wetu. Lakini akizaa wanne au watano, tunamwita mtoto wa nyumba, tunampa kiroba, tunamwambia: nenda katupe mbali. Wengine wanaelekezwa kwenye shimo la choo.

Mimi nafanya kazi na watoto na vijana, na nasema wazi: kazi hiyo tunawapa watoto kwa sababu sisi wakubwa hatutaki kuiona kwa macho. Halafu tunakaa kwenye kikao kuulizana kwa nini watoto wa kambi wana roho ngumu. Jamani, wamejifunza wapi? Familia zetu zimekimbia vita. Somo la kuua tulishalipata la kutosha.

Dawa ipo: kumfunga paka jike kizazi. Daktari wa mifugo anamchoma sindano ya usingizi, anatoa ovari, mara nyingi na mji wa mimba pia, anashona. Kidonda kinapona kwa siku 10 hadi 14. Ni mara moja tu kwa maisha yake yote. Asipofungwa, hesabu ni hii: anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, anaibeba wiki kama tisa, na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha. Kwa mwaka anazaa mara mbili, hata tatu. Kiroba hakipumziki.

Najua maneno ya wanaopinga, nayasikia kila siku bombani.

Eti akifungwa atakuwa mvivu, hatakamata panya. Uongo. Kuwinda hakutoki kwenye ovari. Tena paka asiyeingia joto hana haja ya kutoroka usiku kufuata madume, anabaki karibu na unga.

Eti azae kwanza mara moja. Kwa faida gani? Akifungwa kabla ya joto la kwanza, hatari ya saratani ya matiti inashuka sana, na anaepuka ule ugonjwa wa usaha kwenye mji wa mimba ambao unaweza kumuua.

Eti tuhasi madume tu. Wahasiwe, sawa. Lakini dume mmoja akibaki, anawatosha majike wa mtaa mzima.

Eti achomwe sindano ya uzazi wa mpango ya akina mama. Hapana! Hiyo inaweza kumletea uvimbe wa matiti na huohuo usaha. Na akishafanyiwa upasuaji, msimpe Panadol. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua paka.

Eti ni dhambi kumzuia kiumbe kuzaa. Basi mzee wangu, niambie dhambi ya kiroba inaitwaje.

Sasa nyinyi wa mashirika. Ofisi moja tuliipelekea hoja hii, ikatujibu kwamba paka si kipaumbele. Posho imepunguzwa, tunajua, sisi ndio tunaoila. Hatuombi mtoe shilingi kwenye dawa ya mtu. Tunaomba hivi: daktari wa mifugo akija kuchanja mbwa, aongezewe meza moja ya paka. Kichaa cha mbwa kinapitia hata kwenye meno ya paka, kwa hiyo kuwachanja na kuwafunga kizazi ni kazi ya afya ya watu. Vijana tupo. Tutaandikisha majike mtaa kwa mtaa, tutawabeba kwenye vikapu, tutawaangalia mpaka nyuzi zitoke. Na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, inayokataza ukatili. Sheria hiyo haikuishia kwenye geti la kambi.

Nanyi wazazi, meza hiyo haijafika bado. Mpaka ifike, paka wako akizaa, tafuta jirani anayelia na panya, umpe mmoja, mpe na mwingine. Ukishindwa kabisa, kiroba ukibebe mwenyewe. Kama mkono wako unakataa, basi umeshajua kwa nini si kazi ya mtoto wa miaka tisa.