Bahari Si ya Matajiri Peke Yao

Kila likizo ya Juni inapokaribia tunaulizwa swali moja na kina mama wa hapa Singida, kliniki na hata nje ya kanisa baada ya ibada: je, familia ya kipato cha kawaida yaweza kuwapeleka watoto kuona bahari? Watoto wetu wamekulia karibu na maziwa ya Singidani na Kindai, maji ya chumvi yaliyotulia yenye ndege heroe kandokando. Wimbi wamelisoma darasani tu. Sisi tunasema yawezekana, ila yapo mambo mawili ya kupanga mapema, fedha na usalama wa watoto majini. Hilo la pili ndilo hasa limetufanya tuandike.

Tuanze na fedha. Kutoka Singida mjini hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa 700 kwa barabara, na basi la moja kwa moja huwachosha watoto, na mama zaidi. Tangu mwaka 2024 iko njia nyingine: basi hadi Dodoma, yapata kilometa 240, kisha treni ya umeme ya SGR. Nauli iliyotangazwa mwaka huo kwa treni ya kawaida, Dodoma hadi Dar es Salaam, ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima na nusu yake, 15,500, kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Baba, mama na watoto wawili wa umri huo ni 93,000 kwenda, au 186,000 kwenda na kurudi. Ulizia nauli ya siku hizo kabla ya kukata tiketi, beba kitambulisho, na ujumlishe nauli ya basi.

Si fedha ndogo. Lakini mama anayetia 5,000 kwenye kibubu kila Jumamosi atakuwa na 260,000 baada ya mwaka. Kuku wetu wa kienyeji wanasifiwa hadi Dar. Majogoo machache ya ziada yatasogeza safari. Ada ya shule na chakula cha nyumbani visiguswe. Na baba watoto aambiwe tangu siku ya kwanza ya kibubu, maana tumeona safari nzuri ikivunjika kwa sababu baba aliisikia kwa watoto.

Malazi yasikutishe. Hosteli za makanisa na za YWCA ni safi na nafuu kuliko hoteli za ufukweni. Ukifikia kwa ndugu, usiende mikono mitupu: gunia dogo la vitunguu na dumu la mafuta ya alizeti litamfurahisha wifi kuliko maneno. Coco Beach, pale Oysterbay, ni ufuko wa umma, na mihogo ya kukaanga ya pale ni chakula tosha cha mchana. Mwenye siku ya ziada aende Bagamoyo, ambako wamisionari Wakatoliki walifika mwaka 1868. Watoto watajifunza habari za biashara ya utumwa mahali zilipotokea.

Sasa mawimbi. Mtoto wako atawaona vijana wakiteleza juu ya wimbi kwa kipande cha ubao, naye atataka. Kule Paje, Unguja, wageni hulipa fedha nyingi kuvutwa na tiara kubwa juu ya maji. Mtoto wa Singida hahitaji hayo. Alale kifudifudi kwenye kiwimbi kilichokwisha kuvunjika, maji yasipite magoti ya mtu mzima, wimbi limsukume hadi mchangani. Ni bure, na atacheka siku nzima.

Ila mama, mkono wako uweze kumfikia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka 5. Mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Hushuka kimya, mama akiwa anamenya chungwa. Basi wekeni zamu: mtu mzima mmoja kazi yake ni kutazama tu, bila simu, bila soga, na akichoka amkabidhi mwingine kwa kutamka.

Juni ni majira ya kusi, upepo una nguvu na bahari huchafuka zaidi. Desemba ni kaskazi, joto kali, na mabasi hujaa. Popote uendapo, waulize wavuvi kabla mtoto hajalowa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua. Maji hupanda na kushuka zaidi ya meta 3, na mahali ulipotandika mkeka saa nne pawe kina saa nane. Tena, maji yaliyopigwa ufukoni hurudi baharini kwa mkondo. Mara nyingi mkondo huo unaonekana kama sehemu tulivu kati ya mawimbi, nasi wageni huikimbilia hiyo hiyo. Anayevutwa asishindane nao. Aelee, aite msaada, aogelee sambamba na ufuko mpaka mkondo umwachie, ndipo arudi. Asiyejua kuogelea asimfuate. Amtupie dumu tupu lililofungwa au kamba.

Kuhusu mavazi, kitenge kikilowa huwa kizito na hufunga miguu. Vaa suruali nyepesi na fulana ya mikono mirefu; heshima inabaki na miguu iko huru. Kule Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake wa Zanzibar kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, kwa hiyo tusisingizie nguo.

Aliyetolewa majini hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Hilo tumeliona likifanywa, nalo hupoteza dakika za uhai. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni mara 5. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua mara 30, mpulizie mara 2, uendelee hivyo huku wengine wakitafuta gari. Hata akizinduka apelekwe hospitali, maana mapafu yaweza kuharibika baadaye.

Kwenye miamba avae viatu. Akichomwa na kile kiumbe cheusi chenye miiba kama ya nungunungu, loweka mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia, toa miiba inayoonekana, kisha zahanati kwa ajili ya kinga ya pepopunda.

Mwisho, chandarua. Mkoa wetu una malaria kidogo kuliko Pwani, Lindi na Mtwara, kwa hiyo miili ya watoto wetu haijaizoea. Beba chandarua chenye dawa hata kama mwenyeji anasema mbu hawapo. Na mtoto akipata homa baada ya kurudi, hata wiki kadhaa zikiwa zimepita, mpeleke apimwe siku hiyo hiyo, umwambie muuguzi kwamba mlikuwa pwani.